Kikohozi cha Msalani

Bustani yetu hapa Ukunda ilikuwa jaa la takataka. Sasa imetengenezwa, ina maua, viti na choo chenye bomba la maji, hata nyani wamehamia. Kasoro ni moja tu: mlango wa choo hauna komeo.

Juzi nilifika hapo nimebanwa, na mwenye sukari hana subira. Nilimkuta mama mmoja mlangoni, kashika tumbo. Nikapiga hodi. Ndani pakakoholewa. Nanyi mwajua, aliye msalani hasemi. Hukohoa, nawe ukangoja.

Tukangoja. "Ana nini huyo?" nikamwuliza yule mama.

"Muache, bibi, labda tumbo lamkata. Nimempa pole mara tatu."

"Akajibu?"

"Akakohoa. Ana adabu zake."

Nikaita, "Mwanangu, fanya hima, bibi yako ataaibika!" Kikaja kikohozi kizito, cha mtu mzima, hata nikaongeza shikamoo.

Mara mlango ukafunguka. Akatoka nyani dume, kidevu kimelowa maji ya bomba, akatupita polepole bila kututazama. Yule mama akatimua mbio hadi kwa askari wa bustani. Mimi nikajitoma ndani.

Sijakaa vizuri, hodi! Nikakohoa.

"Askari, njoo na fimbo!" yule mama akapiga kelele nje. "Yumo mwingine!"

Mola anisamehe, nilisema mle mle msalani: "Ni mtu! Ni mtu jamani!"

Wenye bustani, maua yatosha. Tieni komeo, bibi akikohoa aaminike.