Nilivyonyang'anywa mwiko nikiwa na kilo 118, kumbe nakosa zinki

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nawapa hii vile ilitokea. Mama Njeri ninayefanya naye kazi husoma hili jukwaa, kwa hivyo nikiongeza chochote ataniumbua hapo chini.

Mimi ni mama wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, kilo 118 kwa mizani ya kliniki (ya nyumbani iligoma). Kazi yangu ni kupika kwa harusi na ruracio, yaani siku ya kupeleka mahari. Mama Njeri hukaanga, mimi ndiye wa mwiko. Mchuzi hautoki jikoni kabla sijauonja kwa kiganja.

Sasa, ruracio moja kule Dundori. Nikadondosha mchuzi wa mbuzi kwa kiganja, nikalamba. Hakuna kitu.

Nikaongeza chumvi. Nikalamba, bado. Nikaongeza tena. Nikajiambia hawa watu wamenunua chumvi ya zamani.

Wageni walikunywa maji hadi tangi ikaisha. Mjomba wa bibi harusi akaja jikoni, mpole kabisa, akaniuliza, "Mathe, hii mbuzi ilikuwa inakunywa maji ya Lake Nakuru?"

Nilitaka ardhi inimeze, na kwa size yangu ingepata kazi.

Mama Njeri akaninyang'anya mwiko mbele ya watu. Kuanzia hapo nikawa wa kumenya waru, yaani viazi. Miaka kumi na mbili ya mwiko, halafu waru. Nililia, sitadanganya.

Huko kwa waru nikajikata kidole. Wiki tatu kidonda hakifungi. Nywele nazo zinabaki kwa kitana. Nikajua tu ni sukari, nikaenda kliniki nimeshaandaa roho.

Sukari ikawa sawa. Daktari, msichana mdogo mwenye maswali mengi, akauliza ninakula nini. Chai, mkate, chapati, waru, chai. Akatoa damu. Majibu yaliporudi akasema, "Mum, uko na upungufu wa zinki. Ndiyo maana ulimi hauonji na kidonda hakiponi."

Nikacheka hadi kiti kikalia. Upungufu? Mimi? Tangu nizaliwe hakuna mtu amewahi kuniambia nimepungukiwa na chochote.

Akanieleza kwamba mwili mkubwa unaweza kushiba na bado ukakosa madini. Akanipa vidonge vya muda, akaniandikia mayai, nyama, maharagwe ya kulowekwa na mbegu za malenge. Akanikataza kuongeza vidonge kivyangu, kwa sababu zinki ikizidi nayo ni shida ingine.

Kidonda kikafunga polepole. Then wiki iliyopita, harusi moja kule Bahati. Nikapita karibu na sufuria nikielekea kwa waru zangu, nikadondosha tone kwa kiganja kwa mazoea tu.

Wakuu, niliruka. Kilo 116 hewani. Nikaonja kitunguu, nikaonja dania, nikaonja hadi moshi wa kuni. Halafu nikaonja chumvi.

"Mama Njeri, hii imezidi."

Akadondosha tone kwa kiganja chake, akalamba. Akaongeza maji moto, akalamba tena. Kisha akaninyooshea mwiko. "Shika kitu yako."

Nilichojifunza: unene si ushahidi kwamba mwili una kila kitu. Ladha ikikuhama, nenda upimwe, usikimbilie vidonge kwa sababu ya uzi wangu.

Kuna mwingine hapa aliyeambiwa amepungukiwa huku mizani ikibisha? Semeni, leo nacheka na kila mtu. Mama Njeri, wewe pia andika yako, lakini chumvi ilikuwa imezidi.