Meza ya Risasi, Matanga ya Mjomba

Mlango tuliuokota Laeken, mtaa mmoja wa Bruxelles, kando ya njia, siku ile watu wanapotoa nje takataka kubwa. Ulikuwa wa mti mgumu, mzito kama shangazi mmoja ninayemjua. Papa aliugonga kwa vidole, akausikiliza kama daktari, akasema: "Bon. Huu njo meza yetu." Tuliubeba mitaa minne, mimi nyuma, nikiwasalimia wapita njia: "Pardon, tunahama, tumeanza na mlango." Papa hakugeuka, lakini niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Bukavu, kwetu Kivu, Papa alikuwa fundi saa. Bruxelles ni gardien, mlinzi wa jengo moja la ofisi karibu na metro Schuman: anafungua mlango, anasema bonjour, anafunga mlango. Mikono iliyokuwa ikishika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, sasa inashika funguo. Mwenzake wa kazi, Mbelgiji mwenye masharubu, ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha. Papa akapenda. Kelele hazikumvutia. Alichopenda ni kwamba risasi ni kitu kidogo kinachotaka usahihi, kama saa. Alifuata karatasi zote za serikali mpaka akapata ruhusa. Kisha yule wa masharubu akamwambia kwamba wapiga shabaha wenyewe hawanunui risasi mpya kila juma. Wanaokota maganda yao chini, wanayajaza upya nyumbani.

Ndiyo maana tulihitaji meza. Kave yetu, chumba cha chini ya nyumba, ina chaudière ya kupasha moto nyumba nzima, kwa hiyo Papa alichagua kona ya mbali kabisa nayo, maana baruti na moto hawaalikani. Ule mlango aliufunga ukutani kwa vyuma, kwa sababu mashine ya kujazia risasi, chuma kimoja chenye mkono mrefu wa kuvuta, ingeitingisha meza yoyote legevu. Kushoto maganda. Katikati mizani ndogo, inayohisi hata pumzi. Kulia kibao alichokitoboa mwenyewe matundu hamsini, ganda moja kwa kila tundu. Baruti ikipimwa, hakuna redio, hakuna kuongea, hakuna mimi. Akimaliza kujaza anamulika tochi ndani ya kila ganda, moja baada ya jingine, macho yamefinywa.

"Ukizubaa, moja inapata baruti mara mbili," alinieleza. "Halafu bunduki inapasuka mu mukono yako."

"Na muntu mwenye anacheka?"

"Ule njo anapasuka wa kwanza."

Mimi nilipewa kazi ya kuosha maganda matupu. Nikachukua sufuria ya Maman, ile ya kupikia sombe, majani ya muhogo, nikatia maji ya moto, ndimu na chumvi. Maman akaja jikoni, akafunua kifuniko.

"Ni nini hii?"

"Maharagi, Maman. Lakini inachelewaka kuiva."

"Nitakupika weye!"

Alinifukuza na mwiko mpaka kwenye ngazi. Lakini sufuria hakuitumia tena, na kave hakushuka hata siku moja. Ndugu zake wote walikuwa bado Bukavu, vita vilikuwa vinakaribia, na redio yetu ilitaja risasi kila wakati wa kula. Siku moja alimwambia Papa taratibu, bila hasira: "Ku kwetu bantu banakimbia ile kitu. Weye unaitengeneza chini ya kitanda yangu."

"Hizi zinatoboa karatasi tu, Maman," Papa akajibu.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Ningeweza kuiruka, hakuna atakayejua. Lakini acha.

Jumapili baada ya misa, sisi waimbaji wa chorale tunabaki kwenye ukumbi wa parokia kunywa jus na kusema watu. Msichana mmoja akaniuliza kwa nini Papa haonekani tena kanisani. Ningesema anafanya kazi Jumapili, ndiyo kweli yenyewe. Badala yake nikaweka sura ya mazishi, nikashusha sauti: "Papa iko ku kave. Anatengeneza risasi. Zinaenda Kivu."

Wakacheka. Mimi nikichekewa sijui kusimama.

"Na iko na liste," nikaongeza. "Majina. Jina ya kwenu niliiona, page ya pili."

Wakacheka tena, wengine kidogo. Mmoja hakucheka kabisa. Lazima nieleze: katika familia zetu kila mtu alikuwa na hadithi ya liste, karatasi ya majina inayosomwa mlangoni, na mwenye jina anatoka nje na harudi. Mimi niliijua hadithi hiyo. Maman alikuwa ameisimulia mara ngapi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na niliona kwamba kitu kinachoogopwa namna ile ndicho kinachochekesha zaidi. Nikanywa jus yangu, nikaenda nyumbani, nikasahau.

Baada ya majuma matatu simu ikalia tukiwa mezani. Mdogo wake Maman, mjomba wangu wa mwisho, alikuwa amepigwa risasi barabarani, akikimbia na godoro kichwani. Maman aliweka simu chini polepole, kana kwamba kuna mtoto amelala ndani yake. Kisha akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Kwetu, mtu akifa, hata akifia mbali, nyumba inafanya matanga. Tulitoa makochi yote. Tukatandika godoro sebuleni, Maman akakaa chini, kitenge kimefungwa kifuani, picha ya mjomba juu ya buffet, lile kabati la vyombo. Papa akaazima viti thelathini parokia. Mlango wa nyumba ukaachwa wazi, ijapokuwa ilikuwa baridi, kwa sababu anayekuja matanga habishi hodi. Wanawake wanakuja wanakaa na mfiwa, wanalia naye, wanalala hapo hapo chini. Wanapika. Wanamsimulia marehemu mpaka machozi yanaisha. Na siku ya mwisho wao ndio wanamshika mikono na kumwinua. Mfiwa hajiinui. Maman alikuwa amewainua wanawake wangapi wa Bruxelles hii, sijui, wengi.

Siku ya kwanza alikuja yule wa masharubu, na maua. Alisimama dakika kumi katikati ya viti thelathini, akaondoka. Siku ya pili, hakuna mtu. Maman alikuwa kila akisikia nyayo kwenye ngazi anajipanga kitenge. Nyayo zinapita, zinapanda kwa jirani wa juu.

"Labda hawajasikia," Papa akasema.

"Bamesikia," Maman akasema. "Mimi mwenyewe nilibapigia simu."

Siku ya tatu akaja mama anayeongoza kikundi cha maombi. Hakuingia. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Maman, mimi nakulilia," akasema. "Lakini bantu banaogopa. Banasema ku kave yenu kuko risasi za kutuma Kivu. Na kuko liste."

Mimi nilikuwa nimebeba trei ya chai, glasi zikaanza kugongana. Maman aliangalia glasi. Kisha akaniangalia mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nachekesha."

Papa alimshusha yule mama kwenye kave, akamwashia taa, akamwonyesha kila kitu: mizani, kibao, karatasi za shabaha zilizotobolewa, ruhusa yenye muhuri. Nilimsikia kutoka juu akieleza kwa sauti ya fundi anayejaribu kumrudisha mteja. Yule mama akapanda, akasema, "Nimeona, papa. Nimeamini." Akamshika Maman bega, akaenda. Hakuketi.

Mchana huo na kesho yake nilizunguka. Laeken, Ixelles, mpaka nyuma ya Chaussée d'Ixelles, kwa kila msichana aliyekuwa ukumbini. Niligonga, nikasema mbele ya wazazi wao: nilidanganya, ilikuwa mchezo, njooni tafadhali. Walinipa Fanta. Walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza mtu wa kuuza vitabu vya dini. Papa mmoja akaniambia, "Mutoto wangu, kwenye liste haiwezekane kufanya mchezo. Donc muko nayo, ama hamuko nayo?" Nikaapa hatuna. Akaitika. Hakuja. Yule ambaye hakucheka alinifungulia mwenyewe, akaniangalia, akafunga.

Papa alifungua vyuma vya meza siku ile ile aliyokuja yule mama. Mashine akampa yule wa masharubu. Ule mlango wa meza akaurudisha nje peke yake, nilitaka kushika nyuma, akasema, "Acha."

Juma moja lilikuwa limekwisha, Maman bado yuko kwenye godoro. Papa alijaribu kumshika mkono, akakataa kwa kichwa: mwenye nyumba hamwinui mwenye nyumba. Nikakaa naye chini. Nilitaka kulia kama wanavyolia wanawake, kwa kumwita marehemu na sifa zake, lakini mjomba nilimwacha nikiwa mdogo, na kitu pekee nilichokumbuka ni kwamba alijua kuiga sauti ya mbuzi. Nikakisema. Maman akaitika, "Eeh, alijuaka." Nikangoja aongeze, hakuongeza.

Jumatatu alikuwa na kazi, kufagia ofisi, na patron, bosi wake, hakumpa siku zaidi. Nilimwona asubuhi nikiwa nafunga begi la shule. Aliweka kiganja sakafuni, akasukuma, akaenda goti moja, akapumzika, akaenda la pili. Nikasogea.

"Bakia pale," akaniambia.

Akashika ukingo wa buffet, akasimama mwenyewe. Akakunja shuka. Akavaa koti, akafunga mlango uliokuwa wazi siku nane, akashuka kwenda metro.