Sikio Moja, Kabureta Tatu

Dada yangu hasikii kitu kwa sikio la kushoto. Liliharibika zamani, tairi la lori lilipopasuka pembeni yake likijazwa upepo. Nalisema mapema msije mkadai naficha aibu za ukoo. Aibu ya ukoo ni mimi, na cheo hicho sikigawi.

Ana miaka thelathini na mmoja gerejini. Shingoni huning'iniza kipande cha mpira wa bomba, urefu wa mkono, kama daktari aliyesahau koti nyumbani. Mpira huo niliukata mimi kwenye bomba la bustani la jirani, kwa hiyo nusu ya sifa zake ni zangu. Watu humwita Dada Mpira. Mimi ni fundi rangi hapohapo, na wa kunishinda kupaka bado anatafutwa.

Msimamizi mpya tulimbandika jina la Cheti, maana alitundika cheti chake ukutani kabla hajatafuta pa kuweka kiti. Wiki ya pili akamwita dada.

"Mama, injini inataka masikio mawili. Barua nimeshaandika. Jumatatu unahamia mapokezi, ukapokee simu."

"Na simu zenu hupokelewa kwa masikio mangapi, mwanangu?"

Mafundi wakainamia maboneti kuficha meno. Cheti hakucheka. "Sikio halipiti kichwa," akasema.

"Sawa. Barua ikae mfukoni mwako. Lile gari la mwalimu likinishinda leo, naisaini mwenyewe."

Mwalimu huyo ni mstaafu, na gari lake ni la zamani, refu, silinda sita, kabureta tatu zimejipanga mstari. Kila kabureta inalisha silinda mbili. Zikivuta hewa sawasawa, injini inatulia. Moja ikiwa na tamaa kuliko wenzake, gari linatetemeka kama mgonjwa wa homa na kukohoa moshi mweusi. La mwalimu lilikuja likikohoa kidogo. Saa nne lilikuwa mahututi.

Dada akafungua boneti, akatazama skrubu, kisha akanitazama mimi.

"Nani kazigusa hizi?"

"Nilikuwa nakupunguzia kazi, dada. Nimezungusha kidogo tu."

"Ufito uliulegeza kwanza?"

Kuna ufito wa chuma unaozifunga kabureta zote tatu, ili ukikanyaga mafuta zifunguke pamoja. Usipoulegeza, ukigusa moja umegusa ukoo mzima. Mimi nilikuwa nimegusa ukoo mzima.

"Kaka yangu," akasema taratibu, "ukuta wa nyuma unataka rangi."

Sikwenda. Nilisimama na brashi yangu kavu nikitazama. Akalegeza ufito, akatoa vichujio vya hewa, akawasha. Ncha moja ya mpira akaiweka kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, nyingine kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Hewa ikivutwa hupiga mluzi mwembamba, na mluzi huo ndio anaoupima. Akageuza skrubu kidogo. Akaenda ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Mara nne namna hiyo. Kisha akakaza ufito, na mwalimu, aliyekuwa kwenye benchi, akauliza kama gari limezimika.

Cheti akaja na kipimo chake chenye mshale. Akaupima mdomo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mshale ukasimama palepale mara zote tatu.

"Bahati," akasema.

Dada akarudi kwenye injini. Alilegeza ufito, akaivuruga kabureta ya katikati, akaukaza tena. Yote hayo mbele ya Cheti, ila yeye aliangalia mshale, hakuangalia mikono. Gari likaanza homa upya. Mwalimu akainuka.

"Kaa, mwalimu, halifi," dada akamwambia. Akamgeukia Cheti. "Bahati haina mwenyewe. Ijaribu na wewe. Kipimo unacho, na masikio unayo mawili."

Cheti akakunja mikono ya shati. Akageuza skrubu ya katikati, na zile za pembeni zikaifuata. Akageuza ya pembeni, ya katikati ikaondoka. Nusu saa akaufukuza ule mshale kama mtu anayefukuza kuku uwanjani. Kosa lile nilikuwa nalifahamu kwa karibu.

Mwishowe akanyoosha mgongo, jasho likimtiririka.

"Mama, nakosea wapi?"

Dada akanyoosha kiganja. "Barua kwanza."

Cheti akaitoa mfukoni, akampa. Dada hakuichana. Aliitumia kufutia mafuta kwenye ncha ya mpira, taratibu, upande wenye saini, kisha akauvua mpira shingoni na kumkabidhi.

"Chukua spana namba kumi," akasema. "Tunaanza na ufito."

Nikataka kuongeza neno, kwa sababu hapo nilikuwa mtaalamu. Dada hakugeuka. Akanyoosha tu kidole kuelekea ukuta wa nyuma.

Nikaenda kupaka.