Arvella na Bastola Isiyotaka Fataki

Arvella Tibbets alitumia maisha yake yote ya kazi kutengeneza meno ya bandia huko Alva, Oklahoma, na hadi leo nusu ya wilaya inatafuna kwa jasho lake. Ukienda mazishini ukamkuta marehemu katabasamu vizuri kuliko alivyowahi kutabasamu akiwa hai, ujue umekutana na kazi ya Arvella. Alipostaafu, wenzake wa kanisani walimtengea kiti kwenye kundi la kushona mablanketi ya viraka. Kiti kikakaa kitupu. Mama yule alihamishia tupa zake, vikoleo vyake na miwani yake ya kukuza vitu gerejini, akaanza kuzivalisha bastola meno mapya.

"Ni taya tu," alizoea kusema. "Nang'oa la zamani, natia jipya, mteja anauma."

Bastola zenyewe hazikuwa za kale. Zilikuwa za kuigiza, zimeundwa Italia juzijuzi, ila kwa umbo ni zilezile walizobeba mababu kwenye vita vya Marekani vya Kaskazini na Kusini. Kuijaza moja ni ibada nzima. Unamimina baruti katika kila tundu la silinda, unashindilia gololi ya risasi, unapaka mafuta ya kupikia juu yake ili cheche isihamie kwa jirani, kisha nyuma ya kila tundu unabandika fataki, kikofia cha shaba kidogo kama punje ya dengu. Arvella aliitoa silinda hiyo, akaweka nyingine inayopokea risasi za ganda, zile zenye baruti na fataki ndani yake tayari, akaisugua na kuijaribisha mpaka ikakaa bila kutikisika. Mafuta ya kupikia yakarudi jikoni, kwenye bamia, mahali pake pa halali.

Wateja wake walikuwa wanachama wenzake wa Klabu ya Korongo la Chumvi: watu wazima, wengi wao wenye nyonga za chuma, ambao kila mwezi huvaa kama watu wa mwaka 1873 na kupiga sahani za chuma huku saa ikiwahesabia. Kila mmoja ana jina lake la uwanjani, na ni mwiko kumwita la nyumbani. Arvella ni Meno ya Dhahabu. Juu ya uhalisia hawana mzaha. Bwana mmoja alirudishwa nyumbani kwa kuvaa suruali yenye zipu. Hata hivyo huja na magari yenye viyoyozi, vifaa vya kusikia masikioni, na chai baridi iliyojaa barafu. Uhalisia una mpaka wake, na mpaka wenyewe uko kwenye barafu.

Sasa, msimu mmoja, Jaji Kamba alisimama. Huyu nyumbani ni Delbert Hruska, dereva mstaafu wa basi la shule, mtu wa masharubu makubwa na maoni makubwa zaidi. Walikuwa mezani klabuni, maharage na mkate wa mahindi mbele yao.

"Mwenyekiti, natoa hoja," alisema. "Bastola ya fataki ibaki ya fataki. Hizi za Meno ya Dhahabu zipigwe marufuku kwenye mashindano. Ni uvivu uliopakwa rangi ya shaba."

"Uvivu?" Arvella aliweka kijiko chini. "Jaji, wewe hata kofia yako inavuliwa na mkeo."

"Usinichekeshe, nina hoja!"

"Na mimi nina historia. Vita vilipokwisha na risasi za ganda zilipokuja, watu walifanya nini na bastola zao? Walizitupa? Walizipeleka kwa fundi zikabadilishwa! Huko huko kwenye 1873 yako unayoipenda."

"Basi lete fundi wa 1873 atuambie."

Watu wakacheka. Arvella naye alicheka, lakini chini ya meza alikuwa akivisugua vidole gumba vyake. Baridi yabisi ilikuwa imeviingia. Kumimina baruti bado aliweza. Kubandika kile kifataki cha dengu hakuweza tena, hata kwa kumwomba Mungu. Hoja ya Jaji ikipita, mahali pake palikuwa kwenye benchi la watazamaji, kumimina chai na kupiga makofi. Hilo hakumwambia mtu. Hakuona sababu; hakukusudia kushindwa.

Desturi ya klabu ni kwamba ubishi juu ya silaha haupigiwi kura kabla ya wabishi wenyewe kuzifyatua mbele ya wote. Basi wakatoka uwanjani. Mwenyekiti, Oleta Fancher, ambaye uwanjani huitwa Shangazi Radi, alishika saa.

Jaji Kamba akatangulia. Akapiga ukelele ambao kila mpigaji alipangiwa kuanza nao siku hiyo, "Nani kaiba pai yangu?", akaanza. Moshi ukafumka kama nyumba inaungua. Kila baada ya risasi aliinyanyua bastola, mtutu ukatazama mbinguni, fataki iliyopasuka ikadondoka, mkono ukarudi kulenga. Wapigaji wote wa fataki hufanya hivyo, maana kipande kikidondokea ndani ya mtambo, bastola inakwama. Sahani tano, milio mitano. Kazi safi, na Arvella alikuwa wa kwanza kukiri.

"Masharubu hayajaungua?" aliuliza. "Haya, pisha."

Akasimama, sketi ndefu, buti, kidevu juu. "Nani kaiba pai yangu!" Akapiga. Sahani ikalia. Kisha mkono wake ukapanda, mtutu ukatazama mbinguni, hakuna kilichodondoka, mkono ukashuka. Akapiga tena. Mkono ukapanda tena.

"Meno!" mtu akapaza sauti. "Unatupa nini huko juu?"

Naye alijua, tena alijua kuanzia risasi ya pili, lakini mkono haukumsikiliza. Gerejini alikuwa ameijaribu akiwa ameketi, bastola juu ya mfuko wa mchanga, risasi moja moja. Mkono haukupata nafasi ya kukumbuka lolote. Mbele ya saa ulikumbuka kila kitu. Mazoea ya miaka ya fataki yana taabu. Sahani zote tano zililia, bastola haikukwama hata kidogo, na muda wake ukawa mrefu kama wa Jaji, tena kuuzidi kidogo.

Uwanja mzima ulikuwa umejishika mbavu.

"Nimeshinda!" alisema Jaji Kamba. "Mmeona! Bastola ya kisasa, na bado nimemshinda!"

"Kwa hiyo si njia ya mkato," alijibu Arvella. "Asante kwa ushahidi, Jaji. Endelea."

Masharubu ya Jaji yakasimama.

Shangazi Radi hakuwa anacheka. Alikuwa ameikazia macho ile bastola kama mtu aliyeona mzimu wa babu yake.

"Ngojeni," alisema. "Mtu wa 1873 aliyetoka kwa fundi na silinda mpya, mkono wake ungefanya nini?"

"Ungepanda," mmoja akasema.

"Ungepanda!" Shangazi Radi alipiga paja. "Mwaka mzima ungepanda! Jamani, tumekuwa tukihangaika na vifungo na zipu, na hiki ndicho kitu halisi kuliko vyote nilivyowahi kuviona hapa."

"Lakini amekosea!" alifoka Jaji.

"Amekosea kihistoria, Jaji. Wanaokubali hoja ya marufuku?"

Mkono mmoja, wa Jaji, wenye kitambaa cha hariri kifundoni.

"Wanaoikataa?"

Iliyobaki yote. Arvella aliinua wa kwake taratibu, kidole gumba kikimuuma, akauacha huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jaji Kamba, kwa kuwa hakuzoea kurudi mikono mitupu, akaomba kiongezwe kifungu: anayetumia bastola iliyobadilishwa lazima ainyanyue kila baada ya risasi, kama aliyekulia kwenye fataki. Kikapita kwa shangwe.

"Na wale ambao hawajawahi kushika fataki maishani?" aliuliza Shangazi Radi. "Nani atawafundisha kukosea?"

Wote wakamgeukia Arvella.

"Waje gerejini," alisema, akijimiminia chai. "Nawe Jaji, lete bastola yako. Nimekuona pale ukihangaika na vile vikofia. Vidole vyako si vya kijana kuliko vyangu."

"Sithubutu," alisema Jaji Kamba. Akanywa chai, akatazama pembeni. "Jumanne unafungua saa ngapi?"