Manukato nilijipaka mimi, shemeji akafukuzwa

Admin, naomba ufiche jina langu na jina la shimo tunalochimba. Najua wengine mtanicheka, chekeni tu. Nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nina miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wanne, tunaishi upande wa Kapata, hapa Kolwezi. Kazi yangu ni kuchimba shaba na kobalti kwa mikono, na huu ni mwaka wa tisa. Anayeijua kazi hii anaijua na harufu yake. Unaoga, unajisugua mpaka ngozi inauma, na bado mwili unatoa unyevu wa shimo na jasho la wanaume saba waliobanana chini. Mke wangu hakuwahi kulalamika kwa maneno. Aligeukia ukutani tu, na kanisani alimkalisha mtoto wetu mdogo katikati yetu. Nilijifanya sioni.

Miezi miwili iliyopita alirudi kutoka sokoni na kichupa cha manukato. Akaniambia, "Tata, hata siku ya Mungu unanuka shimo. Paka hii, na miye nisikie niko na bwana." Nilicheka kwa aibu. Marehemu baba alikuwa akisema mwanaume anuke kazi yake, anayenukia maua ana jambo analoficha. Lakini Jumapili ile nilijipaka, na mke wangu akakaa bega kwa bega na mimi mpaka misa ikaisha. Nisiwadanganye, nilifurahi kama mtu aliyeoa jana.

Sasa sikilizeni kosa langu. Timu yetu ina sheria moja isiyo na mchezo: hakuna kushuka na manukato. Mkubwa wa shimo, ambaye tunamwita PDG, anasema jiwe, yaani madini, linakimbia harufu hiyo. Unashuka na jasho lako, basi. Sheria hiyo naijua kuliko wengi. Lakini Jumatatu asubuhi, kwa ule utamu wa jana yake, nilijipulizia kidogo chini ya shati, nikajiambia jasho litaimeza harufu kabla hatujafika chini.

Haikumezwa, kule chini hewa haina pa kwenda. Na wiki hiyo hiyo mshipa wa madini tuliokuwa tunaufuata ukakatika, tukawa tunapandisha udongo mtupu. PDG akatuita wote juu, akasema, "Kuko mutu alishuka na parfum. Nilisikia harufu. Ni nani?"

Macho yote yakamwendea shemeji yangu. Ni mdogo wa mke wangu, ana miaka ishirini na minne, na mimi ndiye niliyemwingiza kwenye timu. Ni mtu wa kupenda kupendeza. Siku ya mapumziko akipita na manukato yake, mtaa mzima unajua. Alipoanza kazi, PDG alimrudisha mtoni mara mbili akaoge upya. Tangu siku hizo aliishika sheria, lakini aliyekwisha kuonywa ndiye wa kwanza kushukiwa.

"Hapana miye, PDG," akasema. "Mi niliacha zamani. Muulize shemeki, tunatokaka naye njia moja."

PDG akanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu, tena mbele ya watu wote. Nikafikiria watoto, nikasema, "Mi sijui."

PDG akamwambia shemeji, "Twaa bintu byako, uende. Jiwe haipendake mwanaume mwenye kunukia sawa bibi-arusi." Wenzetu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Siku nne baadaye tuliupata tena mshipa, hatua chache kando. Wakasema, mnaona? Mimi sijui kama jiwe lina pua. Miaka tisa nachimba na sijui. Ila najua aliyebeba ile harufu ni nani.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Shemeji analala sebuleni kwetu, na dada yake hamwachi apumue. "Parfum yako itakuua na njala! Angalia shemeki yako, ye anajua kutenganisha kazi na kanisa." Ananisifu mbele yake. Kila Jumapili ananiletea kile kichupa, na nikikataa ataniuliza kwa nini. Kwa hiyo najipaka, shemeji ananitazama. Sijui kama amekwisha kuelewa.

Juzi aliniambia, "Shemeki, unisemee kwa PDG." Nikamjibu angoje hasira zipoe. Akasema hawezi kungoja tena, amepata timu inayochukua watu. Nikamuuliza ni shimo gani, akanitajia. Ni shimo lililoachwa tangu mvua, kuta zake zinamomonyoka na hakuna mbao za kuzishikilia. Hata PDG wetu alikataa kulifungua. Nikamwambia asiende. Akaniuliza, bila hasira kabisa, "Sasa niende wapi?"

Nikisema ukweli, nafukuzwa mimi, na habari zinatembea, hakuna timu nyingine itakayonipokea. Mke wangu naye atajua nilimtazama mdogo wake akidhalilishwa nikanyamaza. Nikiendelea kunyamaza, yule kijana anashuka kwenye lile shimo.

Najua mtaanza kubishana, wengine mtasema mwanaume asipake manukato kabisa, wengine mtasema PDG ni mshirikina. Bishaneni, lakini baadaye. Ndugu zangu, kwanza nipeni shauri, mimi nifanyeje? Anaanza kesho kutwa. Asubuhi hii ameniomba tochi yangu ya zamani ya kichwani, na mimi nikaitia betri mpya, nikampa.