Picha ya Jicho la Bi Mwanatumu

Pale Voi, mtu akitaka kofia ya kushonwa kwa mkono alikwenda kwa Bi Mwanatumu, na akitaka kusutwa pia alikwenda huko huko. Sukari alikuwa nayo miaka mingi. Dawa alimeza, chai alikunywa bila sukari huku akinung'unika, lakini macho, alisema, hayana neno.

Mwaka wa tisini na nane kliniki moja ya mjini ikapata kamera ya kupiga picha ndani ya jicho. Filamu zilipelekwa Nairobi kwa basi, daktari wa macho akazisoma huko, kisha akapiga simu. Sista Everlyne, muuguzi wa kliniki hiyo, akawaita wagonjwa wote wa sukari. Bi Mwanatumu kusikia anapigwa picha, loo! Alifika na mumewe Mahmud, amejifukiza udi, kavaa buibui la sikukuu, na wanja kaupaka hadi ndani ya kope.

"Bi mkubwa, ni picha ya ndani ya jicho, si ya arusi," Everlyne alisema, akimpangusa kwa pamba huku akicheka.

"Ndani, nje, jicho si langu? Lifike Nairobi tupu hivi?"

Wiki iliyofuata wakaitwa kusikiliza simu. Daktari alikuwa mwanamke, mpole wa sauti. Jicho la kulia linavuja damu kwa nyuma, alisema, na la kushoto limeanza. Aje achomwe kwa mwanga wa leza upesi, ama atapofuka.

"Mwanangu, wewe hujaniona hata siku moja. Jicho haliniumi, na uzi natunga mwenyewe."

"Haliumi, mama, ndiyo hatari yake. Hebu ziba la kushoto kwa kiganja. Waona nini?"

Akaziba. Akageukia alipokuwa amesimama mumewe.

"Baba Nasima, uko wapi?"

"Nipo mbele yako, Mwana," Mahmud akasema.

Kesho yake walisafiri kwenda Nairobi. Leza haikulirudisha jicho la kulia, na daktari hakuwa amemficha hilo. La kushoto liliokoka. Waliporudi, Bi Mwanatumu alimkalisha mumewe barazani mchana kweupe, akamtazama kuanzia mvi hadi kidevu, mpaka mzee wa watu akaona haya.

"Una nini wewe? Watu wanapita!"

"Na wapite. Nusura nikupoteze, nawe umekaa mbele yangu."