Vidonge vya Kichwa Kisichouma

Mwanasaumu wa Jomvu Kuu alipokea watoto wa nusu ya mji, na kitu alichokiogopa ni kimoja tu: kipandauso. Kikimjia, huanza na miali ya kumetameta machoni, kisha nusu ya kila anachokitazama hupotea, na punde yuko kitandani anatapika, hata mwanga wa dirishani unamuumiza. Mkunga asiyeona, jamani, atapokea nini?

Mwaka ule wa kabla ya uhuru bintiye Dhahabu akashika mimba ya kwanza. Hofu ikampeleka Mwanasaumu kwa daktari, Port Reitz, akapewa vidonge.

"Kimoja kila asubuhi, mama, kichwa kikuume kisikuume," daktari akamwambia. "Hivi havitulizi maumivu. Vinayazuia yasije, navyo vyataka wiki kadhaa ndipo vifanye kazi."

Akaitikia vizuri, akaenda akavifungia kashani. Kisa? Ni yeye aliyewakataza waja wazito kushona hata kofia ya mtoto ambaye hajazaliwa, akisema ni kuchuria. Sasa ameze dawa ya maumivu yasiyokuwepo, si ndiyo kuyaita? Mganga hajigangi, wallahi, na huyu alizidi kwa ukaidi.

Uchungu ukamshika Dhahabu asubuhi ya Jumatatu. Mwanasaumu akanawa mikono, akainama, na miali ikaanza. Uso wa mwanawe ukabaki jicho moja na nusu ya mdomo. Akakimbilia kasha, akameza vidonge vitano kwa mpigo. Havikuzuia kitu, vilimlegeza tu, ulimi ukawa mzito.

"Mama, mbona hunishiki?" Dhahabu akauliza.

"Sikuoni, mwanangu."

Jirani yao Hafswa, aliyekuwa amemshika Dhahabu mabega, hajapata kupokea mtoto maishani mwake. Akapokea huyu. Mwanasaumu kaketi sakafuni, kajifunika leso usoni.

"Kitovu kimemzonga shingoni," Hafswa akasema.

"Tia kidole, ukivushe kichwani. Usikivute."

Kisha kimya. Mwanasaumu akaanza kusoma Yasini, akaipoteza katikati. Kimya kikazidi. Halafu mtoto akalia, na bibi yake akalia naye.

Kesho yake kichwa kilikuwa chepesi, hakiumi hata chembe. Mwanasaumu akafungua kasha, akatia kidonge kimoja ulimini. Uchuro bado aliuogopa. Lakini kile kimya cha mtoto alikiogopa zaidi, akakimeza kidonge.